Rehani, Daftari na Kadi: Familia Zilivyojikinga na Msimu Mbaya

Kila mwaka masika yanapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa utabiri wake, wazazi wa Tanzania huanza kusikia nasaha zilezile redioni, misikitini, makanisani na katika mikutano ya mtaa. Zibueni mitaro. Msiwaache watoto wachezee mitoni wala kwenye madimbwi. Walazeni ndani ya chandarua chenye dawa, chemsheni maji ya kunywa, wekeni akiba ya unga. Siku hizi limeongezwa la mwisho: mkatieni mtoto bima. Ni nasaha njema, na mtoto anayelala ndani ya chandarua ana usalama zaidi kuliko asiye nacho. Ila nasaha hizi zina historia ndefu, na ukiifuata nyuma utaona zimebeba dhana moja isiyobadilika tangu enzi za mabwana shauri wa kikoloni: kwamba msimu mbaya huiangusha familia kwa sababu mzazi hakujiandaa. Nitadai hapa kwamba ushahidi wa pwani yetu na bara yake hauiungi mkono dhana hiyo. Wazazi walijiandaa, na walijiandaa kwa akili nyingi. Kilichowaangusha mara kwa mara ni kwamba wale waliokuwa wakisaidiana nao walikuwa wachache mno, na wote waliishi chini ya wingu moja, hivyo siku mmoja alipopungukiwa wote walikuwa wamepungukiwa.

Maneno yenyewe yanatuonyesha pa kuanzia. Neno msimu tumelipata kwa Waarabu, na kwa watu wa pwani lilikuwa kwanza jambo la bahari: kaskazi ikivuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilishuka; kusi ikishika, vilirudi; na kusi ilipokuwa kali katikati ya mwaka, nahodha mwenye busara hakutoka. Neno bima nalo limetufikia kupitia lugha za Bara Hindi, zilizolitoa Uajemi, na likaingia pamoja na biashara ya watu haohao. Mfanyabiashara alijua kwamba hasara ya jahazi moja hubebeka ikigawanywa kwa wenye shehena nyingi, kwenye vyombo vingi, katika misimu mingi. Maarifa haya ya kutawanya hatari yalikuwepo pwani muda mrefu kabla ya kampuni yoyote ya bima kufungua ofisi. Ila yalilinda mali ya tajiri. Mkulima aliyekuwa saa chache za kutembea kutoka bandarini, pale kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa na Malindi, alitegemea chombo kingine kabisa.

Chombo hicho kilikuwa uchaga. Katika nyumba ya Wamijikenda, watu wa vilima hivyo, uchaga ulijengwa juu ya meko, kwa miti iliyopangwa karibukaribu, na mahindi yalipandishwa humo yakiwa na maganda yake. Moshi wa kila siku uliyapitia ukawafukuza dumuzi na vipekecho, ukaacha masizi meusi juu ya miti na juu ya maganda. Mama wa nyumba ndiye aliyepanda kuteremsha, na ndiye aliyejua kimebaki kiasi gani, kwa kuwa mwanga unaopenya kati ya magunzi ulimwambia kabla hajahesabu. Kiasi hicho ndicho kilichoamua kama pombe itapikwa, kama mgeni atasongewa sima nzito au atapewa uji, kama mbegu zitatengwa mapema. Mtu anayesema wazee wetu hawakuwa na desturi ya kuweka akiba hajaufikiria uchaga, chombo ambacho kila kipande chake kimebuniwa kwa ajili ya miezi ambayo shamba halitoi kitu. Na nje ya nyumba kulikuwa na akiba nyingine: mifugo, mashemeji wa kijiji cha pili, rafiki wa biashara wa pwani. Kwa upungufu wa kawaida, yaani mvua kuchelewa au nguruwe kuharibu shamba la mtu mmoja, hayo yalitosha.

Mwaka 1884 hayakutosha. Njaa ambayo Wamijikenda wanaikumbuka kwa jina la Mwakisenge ilipiga eneo kubwa kwa wakati mmoja. Shemeji wa kijiji cha pili alikuwa na uchaga mtupu vilevile, na mifugo ilikuwa imekonda au kufa. Aliyebaki na chakula ni yule ambaye riziki yake haikutegemea mvua ile, yaani mwenye nafaka iliyokuja kwa chombo. Wazazi wakawateremsha watoto wao pwani na kuwaweka rehani kwa nafaka. Neno rehani lilitumika kwa maana yake kamili: mtoto alikuwa dhamana, angekaa na kufanya kazi kwa aliyetoa chakula, na mvua ikirudi wazazi wangerudisha deni na kumchukua. Wapo waliorudi. Wengine walibaki, wakakulia huko, na mpaka kati ya mtu aliyewekwa rehani na mtumwa ukafifia juu yao hadi ukafutika, katika pwani ambayo utumwa haukufutwa kisheria hadi 1907.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hii si habari ya bima, ni habari ya biashara ya watu, na kuziweka pamoja ni kulitakasa jambo baya. Sina nia ya kulitakasa. Rehani ya mtoto ninaileta kwa sababu inaonyesha bei ya kukosa chombo kipana. Mzazi wa 1884 alikuwa akitafuta kile anachotafuta mzazi wa leo: mtu wa nje ya janga lake atakayetoa sasa, na kulipwa baadaye au na wengine. Alimpata, lakini kwa masharti ya mwenye ghala peke yake, kwa kuwa hakukuwa na mkataba wowote uliofungwa kabla mvua haijakatika. Bima, tukiivua majina yake yote, ni hayo makubaliano yanayofungwa wakati uchaga bado umejaa. Miaka 15 hivi baadaye, njaa nyingine ilipoipiga nchi hiyohiyo, watu waliiita Njaa ya Magunia, kwa mchele wa magunia ulioletwa kuwalisha. Watu wengi walikufa hata hivyo. Lakini jina limehifadhi jambo la maana: walionusurika walikumbuka kwamba safari hii chakula kilitoka mahali ambapo mvua haikuwa imekosekana.

Huko bara, katika Ugogo, hatari ilitawanywa kwa njia nyingine. Nchi ile ni kavu na mvua yake hunyesha kwa mikupuo, huku ikinyesha na kule ikiruka, kwa hiyo Mgogo mwenye ng'ombe hakuwaweka wote kwenye zizi lake. Aliwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki wa mbali, wakawachunga na kunywa maziwa yao, na ng'ombe wake mwenyewe wakachanganyika na wa wengine. Huu ni mpangilio ambao mtaalamu wa bima wa leo angeutambua mara moja. Ulistahimili ukame mwingi. Haukustahimili Vita Kuu ya kwanza, kwa sababu vita haikupita hapa na kuruka pale. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe na nafaka, na Waingereza walipofika Dodoma mwaka 1916 uchukuaji ukaendelea, wanaume wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi, mashamba yakakosa mikono. Mvua zilipokosekana baada ya hapo hakukuwa na zizi la rafiki la kukimbilia. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, na wanahistoria wanakadiria kwamba huenda iliua watu 30,000 kati ya wakazi 150,000 hivi. Ukame ulikuwa wa kweli, lakini Ugogo ulikuwa umeshapita katika ukame bila maafa ya kiasi kile. Tofauti ni kwamba mara hii akiba za wote zilikuwa zimebebwa kabla jua halijawaka.

Ajabu ni somo ambalo serikali ya kikoloni ilijifunza kutokana na miaka hiyo. Tangu kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, kaya zilikuwa zikihitaji fedha taslimu, na kwa wengi njia ya kuipata ilikuwa kuuza nafaka mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na kuinunua tena kabla ya mavuno yanayofuata, bei ikiwa juu. Mfumo wenyewe uliipunguza akiba. Bado dawa iliyoandikwa, hasa wakati wa Waingereza, ilikuwa amri kwa kila kaya kulima eneo fulani la mihogo au mtama kama kinga ya njaa, na asiyelima alitozwa faini na mabaraza ya wenyeji. Sidharau muhogo. Unastahimili ukame, unakaa ardhini ukisubiri, nzige hawaumalizi, na umewaokoa watu wengi ambao hesabu yao haiko popote. Ila sera ile ilikuwa na sura ambayo imedumu hadi leo katika vipeperushi vyetu: iliitazama njaa kama dosari ya kaya, ikamwambia mzazi ajilinde ndani ya mipaka ya shamba lake, na ikanyamaza kuhusu barabara, bei, kodi na ghala la taifa.

Mjini watu walijibu kwa njia yao. Vijana waliohamia Dar es Salaam na Mombasa kufanya kazi bandarini, kwenye reli na majumbani waligundua mapema kwamba kifo cha mgeni mjini ni aibu na ni gharama, wakaunda vyama vya kuzikana vilivyofuata kabila au mahali pa asili. Vizazi vyake vingali hai katika kila mtaa: vikundi vya kufa na kuzikana, vyenye mwenyekiti, mweka hazina, na daftari la kaunta lenye mistari iliyopigwa kwa rula, jina la kila kaya upande wa kushoto, miezi juu, na alama ya vema kila anapolipa. Msiba ukitokea, kabla ya swala ya alasiri turubai limefika, sufuria kubwa zimefika, sanda imenunuliwa au jeneza limeagizwa, na mfiwa hajaulizwa swali hata moja. Asiyelipa miezi mitatu jina lake husomwa kikaoni. Hii ni bima, na ina sifa zote ambazo wauza bima wanalalamika kwamba Waafrika hawana: mchango wa kabla, kanuni, adhabu ya kuchelewa, fidia iliyopangwa. Inafanya kazi kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba kifo kwa kawaida huingia nyumba moja kwa wakati, nyumba 40 nyingine zikiwa salama na uwezo wa kuchanga.

Mtazame sasa mwanachama huyohuyo anapofikiwa na mafuriko. Desemba 2011 mvua kubwa ziliifunika Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 wakafa, na maelfu katika Jangwani na mabonde mengine ya mto Msimbazi wakapoteza magodoro, madaftari ya watoto, mitaji ya biashara ndogo. Daftari la kikundi halikuwa na msaada wowote, maana kila aliyeandikwa humo alikuwa amesimama kwenye maji yaleyale, na huenda daftari lenyewe lilikuwa limelowa. Msaada ulitoka nje ya bonde: serikali ilitoa viwanja Mabwepande, watu wa mikoa mingine walichanga. Kikundi kilekile, watu walewale wenye nidhamu ileile, kinaweza msiba na hakiwezi mafuriko. Anayesema tatizo ni elimu ya bima aeleze tofauti hiyo.

Bima rasmi ilichukua njia ndefu kumfikia mtoto. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likashika biashara yote ya bima hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya 1996. Kwa miaka yote hiyo kitu ambacho familia ya kawaida ilikijua kuhusu bima kilikuwa stika kwenye kioo cha basi, kwa sababu gari halikuruhusiwa barabarani bila kuwakatia bima wengine ambao lingeweza kuwagonga. Sheria ilitambua kwamba kwa gari hiari haitoshi. Matibabu yalikuwa ya bure, kwa maana ya kwamba taifa zima lilikuwa kikundi kimoja kilicholipia kwa kodi, hadi fedha zilipokauka na mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama. Watoto chini ya miaka mitano walisamehewa, na msamaha huo ni wa thamani kubwa. Lakini dawa inapokosekana zahanati mzazi huandikiwa akanunue duka la dawa, na duka la dawa halina msamaha. Mtoto naye hutimiza miaka mitano.

Ndipo ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga, Tabora, katikati ya miaka ya 1990 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka, kati ya Sh 5,000 na Sh 10,000 katika wilaya nyingi, na serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Wazo lilikuwa zuri na Igunga mahali pazuri pa kulijaribia, kwa sababu ya mpangilio wa mwaka wa huko. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo miezi ya ghala tupu na jembe mkononi, na ndiyo miezi ambayo mbu wamezaliana na malaria inapanda. Mtoto huchemka usiku wakati mfuko wa mzazi hauna kitu. Fedha huja pamba ikianza kuuzwa, kuanzia Mei au Juni. Mchango wa mara moja kwa mwaka unaolipwa wakati wa pamba unavuka pengo hilo kutoka Julai hadi Februari, sawasawa na uchaga.

Wengi hawakujiunga, na wengi waliojiunga hawakurudi. Sababu walizotoa ziliandikwa na watafiti mara nyingi na hazikuwa za kijinga. Kadi ilitambulika kwenye kituo kimoja alichojiandikisha mtu. Dawa ziliisha hapo. Akipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kadi haikwenda naye. Kwa lugha ya makala hii, chombo kilikuwa kimefanywa kidogo kama kijiji, na msimu wa malaria ulikiangukia chote kwa mkupuo. Mwaka 2018 mfuko ulipoboreshwa, kwa mchango wa Sh 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, kadi ikaanza kukubalika hadi ngazi ya mkoa, jambo ambalo wazazi walikuwa wakilidai tangu mwanzo. Watumishi wa serikali nao walikuwa na mfuko wao uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, wakikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri kuongeza asilimia 3, wakilinda mwenza na wategemezi hadi wanne. Huo ulisimama imara. Mwalimu na karani hawakuwa na busara zaidi kuliko mkulima wa pamba. Walikatwa wote, wagonjwa na wazima, nchi nzima, kila mwezi.

Ushahidi mchungu zaidi ni wa Toto Afya Kadi. Kwa Sh 50,400 kwa mwaka mzazi asiye na ajira rasmi aliweza kumkatia mtoto mmoja bima, kwa hiari yake. Mwezi Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kwa maelezo kwamba gharama zilikuwa zimezidi michango mara nyingi, kwa kuwa wazazi wengi waliwasajili watoto walipokwisha kuugua. Wapo waliowalaumu wazazi kwa ujanja. Mimi naona vigumu kumlaumu mama ambaye mtoto wake ana ugonjwa wa moyo au selimundu kwa kununua kitu kilichouzwa hadharani kwa bei iliyotangazwa. Kama ni mama wa watoto wanne na fedha ya kadi moja, atamkatia nani isipokuwa yule anayeumwa? Kosa lilikuwa la chombo kilichoacha mlango ufunguliwe wakati mvua imeshaanza, kisha kikashangaa kwamba wanaoingia wote wamelowa.

Zinabaki pingamizi tatu ambazo nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni ya imani: kwamba kulipia janga ambalo halijaja ni kujitabiria mabaya, au kwamba mkataba wa bima una riba na bahati nasibu ndani yake. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni suala la fikihi lenye majibu yake, na mpango wa takafuli, ambapo wanachama huchanga kwa nia ya kusaidiana, umebuniwa kulijibu. Sehemu ya kwanza inajibiwa na daftari la kuzikana, maana hakuna kujitabiria zaidi ya kuchangia sanda yako mwenyewe, na waumini wa dini zote wanachangia. Ya pili ni ya kodi: kwamba kulazimisha mchango ni kurudisha kodi ya nyumba kwa jina jipya. Kumbukumbu hiyo ina haki yake. Lakini kodi ile ilichukua nafaka ikaipeleka mbali na uchaga, na kaya haikudai chochote msimu mbaya ulipokuja. Mchango wa lazima unahalalishwa na kile kinachorudi tu, na ukikosa kurudi wananchi watakuwa sahihi kuuita kodi. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: watu huamini daftari kwa sababu wanamwona anayeliandika, na ukikipanua chombo hadi taifa unaua imani hiyo. Ni kweli kwamba upana na ukaribu huvutana. Lakini sioni kwa nini vikundi vilevile visingekuwa mlango wa kuandikisha, kukusanya na kulalamika, huku hatari yenyewe ikibebwa na nchi nzima; mweka hazina wa mtaa anajua vizuri zaidi nani hajalipa na kwa nini kuliko mfumo wowote wa kompyuta.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeifanya bima kuwa lazima kwa wakazi wote, na imeanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Upana, kwa maandishi, umepatikana. Kinachosubiri kuamuliwa mashinani ni jambo dogo ambalo historia yote hii inaelekea kwake: mwezi wa kukusanya. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila kuhisi msimu. Mkulima wa Igunga ana fedha mkononi kati ya Juni na Agosti, mvuvi wa pwani hutegemea bahari inapotulia, mama lishe wa mjini anaweza kutoa Sh 500 kwa siku na hawezi kutoa elfu 30 kwa mkupuo. Kadi inayomalizika muda wake mwezi Februari, wakati ghala ni tupu na mtoto ana homa, itakufa mikononi mwa mzazi ambaye angeilipia bila manung'uniko mwezi Julai, pamba ikiwa imepimwa na fedha imelipwa.